Kusimika Upya Mfumo Endeshi wa Kompyuta

Tatizo la shule moja

Fikiria shule ya msingi moja katika Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Ni mwezi wa Agosti. Mvua ilikwisha zamani, nyasi zimekauka, na upepo wa kiangazi unaleta vumbi hadi ndani ya ofisi ya walimu. Juu ya meza ya mwalimu wa taaluma pana kompyuta moja. Shule haina nyingine.

Ndani ya kompyuta hiyo mna alama za majaribio ya wanafunzi za miaka minne. Mna pia programu ya kuandikia barua, programu ya kukokotoa hesabu katika majedwali, programu ya kamusi, na programu inayoiwezesha printa kuchapa. Programu hizo zililetwa kutoka mjini ndani ya flashi, moja baada ya nyingine, kwa sababu mtandao wa kijijini ni hafifu.

Siku moja umeme ulikatika ghafula wakati kompyuta ilipokuwa ikifanya kazi. Tangu siku hiyo kompyuta inawaka kwa shida. Ikiwaka, inafanya kazi polepole sana, na mara nyingi inasimama kabla kazi haijakamilika. Mwalimu mmoja anashauri, "Tufute kila kitu, tuanze upya." Mwalimu wa taaluma hakubali. Anajua kwamba kufuta ni kazi ya dakika chache, lakini kuzipata tena alama za miaka minne huenda isiwezekane kabisa.

Je, kompyuta hii inaweza kutengenezwa bila kupoteza alama na programu? Ndiyo, ikiwa bado inawaka, na ikiwa kazi itafanywa kwa utaratibu unaofaa. Katika somo hili utajifunza utaratibu huo na sababu zake.

Mambo matatu yaliyomo ndani ya diski

Kompyuta hutunza mambo yake katika chombo kiitwacho diski. Ndani ya diski mna mambo ya aina tatu. Ni lazima uyatofautishe vizuri kabla ya kuendelea.

Jambo la kwanza ni mfumo endeshi. Huu ni mkusanyiko wa maagizo unaoiongoza kompyuta nzima. Mfumo endeshi huamka unapowasha kompyuta. Ndio unaosikiliza unapobonyeza herufi, unaoonyesha picha kwenye kioo, na unaogawa kazi kwa kila sehemu ya mashine. Mfumo unaotumika sana katika ofisi nyingi unaitwa Windows, nao hutengenezwa na kampuni ya Microsoft ya Marekani. Mfumo mwingine ni Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Finland.

Jambo la pili ni programu. Programu ni maagizo ya kufanya kazi fulani, kama vile kuandika barua, kuchora au kupiga hesabu. Programu haiwezi kufanya kazi bila mfumo endeshi.

Jambo la tatu ni faili. Faili ni kazi uliyoifanya mwenyewe na kuitunza. Barua ni faili. Picha ni faili. Orodha ya alama za wanafunzi ni faili.

Ili uelewe zaidi, fikiria nyumba ya tembe, ambayo Wagogo wameijenga tangu zamani katika nyanda kavu za kati. Tembe ina nguzo na boriti zinazobeba paa bapa la udongo. Ndani yake mna vyombo vya kazi, kama vile jiwe la kusagia, chungu, kinu na jembe. Mna pia mavuno, kama vile mtama, uwele na karanga. Mfumo endeshi ni kama nguzo, boriti na paa. Programu ni kama vyombo vya kazi. Faili ni kama mavuno.

Sasa tuseme mchwa wamekula nguzo za tembe. Mwenye nyumba hana sababu ya kuchoma mtama wake kwa ajili ya nguzo mbovu, wala ya kuvunja chungu chake. Ubovu uko kwenye nguzo. Basi ni nguzo zinazopaswa kubadilishwa. Vivyo hivyo, mfumo endeshi ukiharibika, faili na programu huenda bado ni nzima. Kuondoa mfumo ulioharibika na kuweka ulio mzima mahali pake huitwa kusimika upya mfumo endeshi. Watu wengine husema kuusakinisha upya.

Daftari la mfumo

Huenda unajiuliza, "Kwa nini tusinakili programu katika flashi, tukaufuta mfumo, kisha tukazirudisha?" Swali hili ni zuri. Faili zinaweza kunakiliwa hivyo. Programu nyingi haziwezi.

Unaposimika programu katika kompyuta, programu hiyo haikai mahali pamoja. Sehemu zake huwekwa mahali mbalimbali ndani ya diski. Baadhi ya sehemu hizo huchangiwa na programu nyingine. Mfumo endeshi huandika habari za programu hiyo katika daftari lake maalumu: jina lake, mahali zilipo sehemu zake, namba yake ya kibali, na aina za faili inazoweza kufungua. Mfumo wa Windows una daftari la namna hiyo, nalo ni kubwa sana.

Daftari hili linafanana na rejista ya darasa lenu. Mtoto akiingia darasani na kuketi, lakini jina lake halimo katika rejista, mwalimu hatamwita, wala alama zake hazitaandikwa. Yupo, lakini shule haimtambui. Programu iliyonakiliwa bila kuandikwa katika daftari la mfumo huwa katika hali hiyo. Ipo ndani ya diski, lakini ukiifungua aghalabu haifanyi kazi.

Kwa hiyo, anayetaka kutunza programu hana budi kulitunza daftari pia. Hapa ndipo penye kiini cha somo hili.

Jaribio: Kuhamisha kalamu na vifuniko vyake

Vifaa: kalamu sita zenye vifuniko, sanduku mbili za karatasi, daftari moja.

Utaratibu:

1. Tia kalamu zote sita katika sanduku la kwanza bila vifuniko.

2. Weka vifuniko mahali sita mbalimbali darasani, kwa mfano dirishani, chini ya dawati na juu ya kabati. Mahali pa kila kifuniko paandikwe katika daftari. Wanafunzi wawili watakaohamisha kalamu wakae nje wakati huo.

3. Mwite mwanafunzi wa kwanza. Usimpe daftari. Mwambie ahamishe kalamu zote pamoja na vifuniko vyake hadi sanduku la pili kwa muda wa dakika mbili. Hesabu kalamu zilizopata vifuniko.

4. Rudisha kalamu na vifuniko mahali pake. Mwite mwanafunzi wa pili. Mpe daftari, na umwambie afanye kazi ile ile kwa muda ule ule. Hesabu tena.

Umeona nini? Mwanafunzi mwenye daftari huhamisha kalamu zikiwa kamili. Asiye na daftari huhamisha kalamu kwa urahisi, kwa maana anaziona, lakini vifuniko vingi humpotea. Kalamu ni ile sehemu ya programu unayoiona. Vifuniko ni sehemu zake zilizotawanyika ndani ya diski. Mfumo endeshi ndio wenye daftari.

Njia tatu za kusimika upya

Fundi anaposimika upya mfumo wa Windows, anaweza kufuata mojawapo ya njia tatu.

Njia ya kwanza ni kutunza faili na programu. Mfumo mpya huwekwa, na vitu vyote viwili hubaki.

Njia ya pili ni kutunza faili peke yake. Barua na alama hubaki, lakini programu zilizoongezwa huondolewa. Itabidi zisimikwe upya moja moja.

Njia ya tatu ni kutotunza chochote. Diski husafishwa. Njia hii hufaa wakati kompyuta inapouzwa au kupewa mtu mwingine, au inapokuwa imeshambuliwa na virusi vibaya.

Jambo la kuzingatia ni hili: njia ya kwanza hupatikana tu ikiwa kazi inaanzishwa kutoka ndani ya mfumo wa zamani, wakati kompyuta imewaka. Fundi akiizima kompyuta, kisha akaiwasha kwa kutumia flashi yenye mfumo mpya, njia ya kwanza haipatikani.

Kwa nini iwe hivyo? Rudi katika tembe. Watu wamekuja kujenga tembe mpya kando ya ile ya zamani na kuhamisha vitu. Mwenye nyumba akiwa macho, atawaonyesha kila kitu na mahali pake: jembe liko nyuma ya mlango, mchi wa kinu hiki uko darini. Akiwa amelala, wageni hao watabeba wanavyoviona tu. Mfumo wa zamani ukiwa umewaka, ni kama mwenye nyumba aliye macho, na daftari liko wazi mkononi mwake. Mfumo mpya hulisoma daftari hilo, huhamisha yaliyoandikwa humo, ndipo unaposhika kazi.

Maandalizi

Kazi hii haianzi kwa kubonyeza. Inaanza kwa maandalizi. Fundi mzuri hufanya mambo yafuatayo.

1. Hunakili faili zote muhimu katika flashi au diski ya nje. Nakala hii huitwa nakala ya akiba. Kisha huifungua katika kompyuta nyingine ili kuhakikisha kwamba inasomeka. Nakala isiyojaribiwa si akiba ya kutegemewa. Hata kama njia ya kwanza hutunza faili, nakala ni lazima, kwa sababu umeme unaweza kukatika au diski inaweza kuharibika katikati ya kazi.

2. Huandika karatasini orodha ya programu zote zilizomo, pamoja na namba zake za kibali. Orodha iliyo ndani ya kompyuta pekee haitamsaidia kompyuta ikikataa kuwaka.

3. Hutazama nafasi iliyobaki katika diski. Nafasi ya gigabaiti 20 au zaidi inafaa. Tembe mpya haiwezi kujengwa mahali palipojaa.

4. Huandaa umeme. Kompyuta mpakato hujazwa betri na kuunganishwa na chaja. Kompyuta ya mezani huunganishwa na kisanduku kinachohifadhi umeme kwa muda.

5. Hupata faili za mfumo mpya kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Flashi ya kubebea mfumo wa Windows iwe na nafasi isiyopungua gigabaiti 8. Shule isiyo na mtandao wa kutosha inaweza kumtuma mtu azipakue mjini. Faili zilizonunuliwa sokoni bila kujulikana zilikotoka zinaweza kuwa na virusi.

6. Huhakikisha kwamba mfumo mpya ni wa lugha ile ile na wa aina ile ile kama wa zamani. Visipolingana, njia ya kutunza programu huenda isipatikane.

Hatua za kazi

1. Washa kompyuta kama kawaida, uingie katika mfumo wa zamani.

2. Chomeka flashi yenye mfumo mpya. Fungua flashi hiyo na uanzishe programu yake ya kusimika. Usizime kompyuta.

3. Fuata maelezo yanayoonekana kwenye kioo hadi ufike mahali unapoulizwa ni nini kitunzwe.

4. Chagua kutunza faili na programu. Soma mara mbili kabla ya kuthibitisha. Ikiwa chaguo hilo halikubali kubonyezwa, acha kazi na utafute sababu. Usichague jingine kwa haraka.

5. Thibitisha, kisha subiri. Kazi inaweza kuchukua saa moja au zaidi. Kompyuta itajizima na kujiwasha yenyewe mara kadhaa. Hilo ni jambo la kawaida. Usiiguse.

6. Kazi ikiisha, fungua kila programu iliyo katika orodha yako. Chapa ukurasa mmoja kwa printa. Fungua faili chache na uzilinganishe na nakala ya akiba.

Baada ya kazi hii, mfumo wa Windows hutunza mfumo wa zamani katika folda ya pembeni kwa muda wa siku 10. Katika siku hizo, ikionekana kwamba kuna tatizo, unaweza kuurudia mfumo wa zamani. Siku hizo zikipita, folda hiyo hufutwa. Kwa hiyo ukaguzi ufanywe mapema.

Wakati njia hii haifai

Njia hii haiponyi kila ugonjwa. Ikiwa kompyuta haiwaki kabisa, mwenye nyumba hawezi kuamshwa, wala daftari haliwezi kusomwa na mfumo mpya. Hapo fundi hujitahidi kuokoa faili kwanza, kisha husimika mfumo na programu zote upya. Orodha uliyoiandika karatasini ndiyo itakayomwongoza.

Ikiwa diski yenyewe imeanza kufa, mfumo mpya hautasaidia. Diski ya namna hiyo inaweza kutoa sauti za kugonga, au kushindwa kusoma faili mara kwa mara. Kuiandika upya huweza kuimaliza. Nakili faili upesi, kisha diski nyingine iwekwe.

Tena, ikiwa kompyuta inapata joto jingi kwa sababu vumbi limeziba feni yake, kosa si la mfumo. Katika mikoa mikavu kama Dodoma na Singida jambo hili halina budi kuchunguzwa kwanza. Fundi huizima kompyuta, huitoa katika umeme, na husafisha vumbi kabla ya kuulaumu mfumo. Daktari huchunguza kabla ya kutoa dawa, na fundi hali kadhalika.

Kompyuta katika nchi yetu

Serikali ya Tanzania ilisimika kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Baadaye marufuku hayo yaliondolewa, na leo kompyuta zimeenea katika ofisi, hospitali na shule. Mjini Dodoma, makao makuu ya Serikali, kazi nyingi za umma hutegemea kompyuta. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, hufundisha vijana elimu ya kompyuta.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza muda wa kawaida wa kuutunza mfumo uitwao Windows 10. Wenye kompyuta wengi walilazimika kufikiria kuhamia Windows 11. Kompyuta yenye uwezo wa kutosha huhamishwa kwa njia ile ile uliyojifunza: kazi huanzishwa ndani ya mfumo wa zamani, na faili na programu hutunzwa. Kwa hiyo maarifa haya si ya shule moja tu.

Sasa turudi Chamwino. Kompyuta ya mwalimu wa taaluma bado inawaka, ingawa kwa shida. Basi mwenye nyumba yu macho. Mwalimu ananakili alama katika flashi, anaandika orodha ya programu, anajaza betri, na anaanza kazi kutoka ndani. Lakini angengoja wiki nyingine, pengine kompyuta isingewaka tena. Dalili za ubovu zinapoonekana, nakala ifanywe siku hiyo hiyo.

Mambo ya kukumbuka

Mfumo endeshi, programu na faili ni vitu vitatu tofauti. Faili zinaweza kunakiliwa, lakini programu hutegemea daftari la mfumo. Ili programu zitunzwe, usimikaji uanzishwe ndani ya mfumo wa zamani uliowaka. Nakala ya akiba hutangulia kila kazi. Usianze kazi hii peke yako katika kompyuta ya shule au ya nyumbani. Mwombe mwalimu au mzazi awepo.

Maswali

1. Taja mambo matatu yanayotunzwa ndani ya diski ya kompyuta. Toa mfano mmoja wa kila jambo.

2. Kwa nini programu nyingi hazifanyi kazi zikinakiliwa tu kutoka kompyuta moja hadi nyingine?

3. Katika jaribio la kalamu, vifuniko vinawakilisha nini? Daftari linawakilisha nini?

4. Eleza kwa nini nakala ya akiba ni lazima hata unapochagua kutunza faili na programu.

5. Fundi ameizima kompyuta, kisha akaiwasha kwa flashi yenye mfumo mpya. Je, programu zitatunzwa? Eleza sababu.

6. Kompyuta ya zahanati inajizima yenyewe kila mchana wakati wa joto, lakini asubuhi inafanya kazi vizuri. Je, utashauri mfumo usimikwe upya? Kama sivyo, utashauri nini kichunguzwe kwanza?

7. Chora tembe, kisha andika pembeni ya nguzo, vyombo na mavuno ni sehemu gani ya kompyuta inayofanana na kila kimoja.